Mlamba Asali Ni Nani? Watangazaji na Wachambuzi wa Mitandaoni Wanavyotugawa Ndani ya Chama

*Mada hii niliitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Kata ya Magamba, Manispaa ya Mpanda, mwezi Machi 2025. Wenzangu waliniomba niiandike ili wasiofika waisome. Nimepunguza marudio tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.*

Peoples!

— Power!

Peoples!

— Power!

 Makamanda wenzangu, habari za tangu mwaka jana? Wengine tumeachana kipindi kile cha uchaguzi wa chama, na tuseme ukweli, hatukuachana vizuri. Kuna watu hapa ndani walikuwa hawasalimiani mpaka juzi. Mnacheka, lakini mnajijua.

Mwenyekiti aliponipigia akasema, "Wewe unasoma sheria, njoo utufundishe sheria ya uchaguzi." Nikamwambia sheria ya uchaguzi nitakuja nayo siku nyingine. Leo nataka tuongelee simu zetu. Nataka tuongelee wale watu tunaowasikiliza usiku, wenye redio zao, YouTube zao na Spaces zao, wanaotuambia nani ndani ya chama ni mpambanaji na nani ni msaliti. Hao watu hawajawahi kukaa kikao cha tawi hata kimoja hapa Magamba. Lakini mwezi Desemba na Januari ndio walioendesha tawi hili.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme nimekuja kunyoosha vidole.

Mnamfahamu mzee mmoja wa tawi letu, sitamtaja, mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Mwaka 2010 alikuwa wakala wa chama na hakutoka kituoni mpaka kura ya mwisho imehesabiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Miaka kumi na kitu baadaye ndiye aliyenifundisha kuandika muhtasari wa kikao: nani kasema nini, nini kimeamuliwa, nani atatekeleza. Mzee huyu Desemba alisema wazi kwamba yeye yuko na Mwenyekiti Mbowe. Mimi nilikuwa na Lissu, na sijutii. Sasa usiku mmoja nikapata klipu ya mchambuzi mmoja, maneno matamu, sauti nzito, anasema wote wanaomtetea Mbowe ni walamba asali. Nikaituma kwenye grupu letu la WhatsApp. Sikuandika jina la mtu. Niliweka kaemoji kamoja tu ka mzinga wa nyuki.

Jamani, yule mzee anafuga nyuki kweli. Ana mizinga yake porini tangu ujana wake, na asali yake nusu ya watu humu wameila. Kila mtu kwenye grupu alijua namlenga nani. Alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akatoka kwenye grupu. Na kikaoni hajarudi mpaka leo.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kujiuliza: yule mchambuzi alinijua mimi? Alimjua mzee? Aliijua Magamba? Hakujua lolote. Lakini alifanikiwa kutoa mtu mmoja ndani ya tawi letu, na mkono alioutumia ni wangu.

Tumefikaje hapa

Tuanze na haki yao hawa watu, maana bila wao tungekuwa kimya. Mnakumbuka katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ilipopigwa marufuku. Ilikaa hivyo mpaka Januari 3, 2023 Rais Samia alipoondoa zuio. Miaka sita na nusu! Mtoto aliyekuwa darasa la saba wakati zuio linaanza, lilipoondolewa alikuwa amemaliza kidato cha sita. Kizazi changu chote hakikukijua chama kupitia jukwaa la uwanjani, kilikijua kupitia simu. Magazeti nayo yalikuwa yanafungwa: MwanaHALISI lilifungiwa 2017, Tanzania Daima likanyang'anywa leseni Juni 2020. Redio nyingi zikaogopa hata kututaja.

Kwa hiyo nani alibaki anaongea? Mtu mmoja mmoja mwenye simu na ujasiri. Maria Sarungi Tsehai na Maria Spaces yake aliwapa watu mahali pa kusema ambapo hapakuwepo. Na gharama yake tumeiona: Januari 12 mwaka huu, siku chache kabla ya mkutano mkuu wetu, alitekwa Nairobi mchana kweupe, akaachiwa saa kadhaa baadaye. Sitasimama hapa kumdharau mtu anayelipa gharama ya namna hiyo. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Ila ujasiri ni kitu kimoja, na mamlaka ni kitu kingine. Katika miaka ile ya zuio, vikao vyetu vilidhoofika, na sauti za watu binafsi zikapata nguvu. Chama kiliporudi uwanjani 2023 kikakuta kina wenyeviti wengine ambao hakikuwachagua.

Desemba na Januari

Desemba 12 Lissu akatangaza kugombea uenyekiti. Desemba 21 Mbowe akatangaza kutetea nafasi aliyokuwa nayo tangu 2004. Kati yao kulikuwa na hoja ya kweli kabisa ya kisiasa. Mbowe alitoka gerezani Machi 4, 2022 na siku hiyohiyo akakutana na Rais Ikulu. Hapo ndipo njia ya maridhiano ilipoanza: tuongee, tupate tunachoweza kupata, tujenge kutoka hapo. Lissu na wenzake wakasema maridhiano hayo hayakuzaa Katiba Mpya wala Tume Huru, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 umetuonyesha. Wagombea wetu walienguliwa, nyie wenyewe mashahidi. Kwa hiyo: bila mabadiliko, hakuna uchaguzi.

Hizo ni njia mbili. Kila chama cha upinzani duniani kimewahi kuwa na watu wa njia hizo mbili, wapole na wakali. Na chama kinawahitaji wote. Bila mkali, mpole anaingia kwenye mazungumzo hana cha kumtisha mtu. Bila mpole, mkali akishashinda barabarani hana wa kumtuma mezani.

Lakini je, sisi tulijadili njia mbili? Hapana! Tulijadili nani amehongwa. Upande wetu tulikuwa na wasemaji wetu, tunasema wale ni walamba asali. Upande wa Mbowe nao walikuwa na wao. Yericko Nyerere, yule mwandishi wa vitabu vya ujasusi, alisimama wazi upande huo, na kulikuwa na wengine wadogo wadogo wakisema sisi ni wanaharakati, tunaendeshwa kutoka nje, hatujui kujenga chama. Kila upande una redio yake, kila upande unajisikiliza wenyewe.

Matokeo mnayajua. Lissu 513, Mbowe 482, Odero Charles Odero kura 1. Jumla kura 996. Chukueni kalamu mpige hesabu: watu 16 tu wangehama kutoka Lissu kwenda Mbowe, Mbowe ndiye angeongoza kwa kura. Yaani chama kimegawanyika karibu katikati kabisa. Halafu sisi tunaoshinda na simu tunaongea kana kwamba wale 482 ni kundi dogo la wahuni waliopenyezwa. Wale ni wajumbe wa mkutano mkuu! Ni watu wa kwenye mikoa na majimbo, waliokaa mahabusu kama sisi.

Na angalieni kilichotokea asubuhi ya Januari 22. Mbowe mwenyewe alikubali matokeo na kumpongeza Lissu. Mgombea aliyeshindwa alishamaliza ugomvi. Wachambuzi hawakumaliza, na wengine hawajamaliza mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu mwanasiasa akimaliza ugomvi anapata chama. Mchambuzi ugomvi ukiisha anapoteza wasikilizaji.

Wanavyofanya kazi

Nimekaa nikafikiria namna hiki kitu kinavyofanya kazi, nikaona mambo matatu.

La kwanza, hawawajibiki popote. Katibu wa tawi akisema uongo, unamwita kikaoni, unamuuliza, akishindwa unamwondoa. Mchambuzi unamwita wapi? Anaharibu leo, kesho anafungua mada nyingine.

La pili, mpole daima anashindwa kwenye mchezo huu. Kazi ya mpole ni mazungumzo, na mazungumzo mengi hayafanyiki kwenye kipaza sauti. Ukikaa kimya, wanasema umenunuliwa. Ukieleza, wanasema unajitetea kwa sababu umenunuliwa. Sisi wanafunzi wa sheria tunafundishwa kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Mtandaoni mzigo umegeuzwa: anayetuhumiwa ndiye athibitishe kwamba hajala.

La tatu, na hili linatuhusu sisi wakali zaidi: hata mkali anafungwa. Kiongozi mwenye msimamo mkali akiona leo kuna nafasi ya kupata kitu, akitaka kurudi nyuma hatua moja ili aende mbele tatu, atawaambia nini watu waliofundishwa usiku kucha kwamba kurudi hatua moja ni usaliti? Atalazimika kusonga mbele hata kama mbele kuna ukuta.

Na msidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani, Juni 2014, kiongozi wa walio wengi kwenye Baraza la Wawakilishi, Eric Cantor wa Republican, aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake na mwalimu wa chuo, Dave Brat, ambaye hakuna aliyekuwa anamtaja. Watangazaji wa redio za kihafidhina, akiwemo Laura Ingraham, walimpigia debe Brat na kumwonyesha Cantor kama mtu laini kwenye suala la wahamiaji. Wabunge wengine walipata somo: usiongee na upande wa pili, redio inakusikiliza.

Hata kwa wenzetu wa kijani

Wala CCM wasitucheke. Cyprian Musiba, na gazeti lake la Tanzanite, alijiita mtetezi wa Rais Magufuli. Alitaja majina ya makada wakubwa wa CCM akidai wanamhujumu Rais. Mpaka Julai 2019 makatibu wakuu wastaafu wawili, Kinana na Makamba, wakaandika barua kulalamika kwamba wanachafuliwa na hakuna anayemzuia. Yaani watu walioendesha chama tawala wanalalamikia mtu mmoja mwenye gazeti!

Bernard Membe yeye alikwenda mahakamani. Februari 2020 alifukuzwa CCM. Kesi ikaendelea, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamuru Musiba amlipe shilingi bilioni 9 kwa kumchafua. Membe alishinda, lakini kumbukeni mpangilio wa tarehe. Maneno yalisemwa 2018, hukumu imetoka 2021. Katikati mtu ameshapoteza chama. Haki ya mahakamani huwa inakuja kwa miguu, na uongo umepanda bodaboda.

Mpanda tulishaumwa na nyoka huyu

Sasa nirudi nyumbani, maana vijana wengi hapa hawajui historia ya mji wao.

Mwaka 2005 chama chetu kilipata majimbo matano tu nchi nzima. Matano! Moja lilikuwa Mpanda, Said Arfi. Wakati Dar es Salaam hatuna jimbo hata moja, Mpanda tulikuwa nalo. 2010 akarudi tena bungeni. Na hakuwa mbunge tu, alikuwa Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara. Mji wetu, huku mwisho wa reli, ulitoa makamu mwenyekiti wa taifa.

Ikaja 2013. Ugomvi wa Zitto Kabwe na uongozi wa juu. Oktoba, mwenyekiti wa mkoa wa Arusha, Samson Mwigamba, akasimamishwa akidaiwa kuandika JamiiForums, kwa jina la bandia, makala ya kuushambulia uongozi. Novemba Kamati Kuu ikamvua Zitto unaibu katibu mkuu, pamoja na Dk. Kitila Mkumbo na Mwigamba. Siku chache baadaye Arfi akajiuzulu umakamu mwenyekiti. Mwaka 2015 jimbo likaondoka.

Sisemi Zitto alionewa, wala sisemi alistahili. Kuna watu hapa watapigana nikisema lolote. Ninachosema ni kwamba mjadala ule ulitoka kwenye vikao ukahamia JamiiForums na magazeti ya kila upande, na huko hakukuwa na mwenyekiti wa kumwambia mtu "kaa chini, mwenzako amalizie." Na mtu aliyekuwa katikati, aliyetaka pande zote zibaki ndani, hakuwa na mahali pa kusimama. Waliolipa ni nani? Siyo waandishi wa JamiiForums. Tuliolipa ni sisi wa Mpanda.

Mfano mzito

Naomba niseme jambo moja zito, na msininukuu vibaya. Sisemi tuko huko. Naelezea njia inaanzia wapi.

Ukisoma sheria ya jinai ya kimataifa hapa Tanzania huwezi kukwepa hukumu iliyotolewa Arusha, Desemba 3, 2003, dhidi ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze. Wawili walihusika na redio RTLM ya Rwanda, mmoja alikuwa mwenye gazeti la Kangura. Tunachokumbuka wote ni mauaji ya kimbari ya Watutsi. Tunachosahau ni kilichotangulia ndani ya vyama vya upinzani. MDR kilikuwa chama cha upinzani. PL kilikuwa chama cha upinzani. Vilipigania mageuzi kama sisi. Mwishoni mwa 1993 vikapasuka, ukatokea upande uliojiita "Power", na redio na magazeti yakawa yanawataja wale wa wastani kuwa ni wasaliti na vibaraka. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alitoka MDR, upande wa wastani. Aliuawa Aprili 7, 1994, asubuhi ya siku ya kwanza.

Neno "Power" ndilo tuliloitikia sisi hapa dakika chache zilizopita. Kwetu maana yake ni nguvu ya umma, na umma ni pamoja na anayetofautiana na wewe. Tulilinde neno letu. Tofauti haiko kwenye neno, iko kwenye tunavyomtendea mwenzetu aliyesema "tusubiri kidogo."

Tufanye nini

Nisiwachoshe. Oktoba kuna uchaguzi, na msimamo wa chama mnaujua: No Reforms, No Election. Mimi naunga mkono. Lakini najua, na ninyi mnajua, kuna wenzetu waliojipanga kugombea wanaouliza, kimyakimya, itakuwaje wasipogombea. Kwa nini kimyakimya? Kwa sababu wanaogopa klipu. Mtu anayeogopa kuuliza ndani ya kikao atakwenda kuulizia nje, na kuna vyama vingine vinasubiri kumjibu. Tukiwafukuza kwa maneno, tusije tukashangaa wakiondoka kwa miguu.

Kwa hiyo ninapendekeza tuamue leo mambo manne ya tawi letu.

Moja. Hakuna kumwita mwanachama msaliti, chawa wala mlamba asali kwenye grupu. Mwenye ushahidi aandike barua kwa katibu, mtuhumiwa aitwe, asikilizwe. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa. Tunaidai haki hiyo kwa dola kila siku. Tukiinyima ndani ya tawi, tunaidai kwa mdomo gani?

Mbili. Klipu ya mchambuzi ikiletwa, aliyeileta aandike chini yake anakubaliana na nini na kwa nini. Ukishindwa kuieleza kwa maneno yako, usiitume. Hii ingeniokoa mimi.

Tatu. Kila mwezi tuwe na kikao ambapo mtu anapewa dakika kumi kutetea hoja isiyopendwa, na hakatizwi. Hata kama ni hoja ya kwenda kwenye uchaguzi. Asikilizwe, ajibiwe, tuandike muhtasari.

Nne. Tuwasikilize wachambuzi kama tunavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa. Utakusaidia kujua kama ubebe mwavuli. Lakini shambani unakwenda mwenyewe.

Nimalizie na mzee wangu. Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilibeba sukari kilo mbili, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Binti, huyo aliyesema kwenye simu, ameshakuja kukuomba radhi wewe?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi wewe ndiye mwanachama. Yeye ni mpita njia."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali. Akasema, "Haya, lamba na wewe, tuwe sawa."

Nilicheka mpaka nikalia. Leo hakuja, amesema miguu inamsumbua. Ila amenituma niulize kama muhtasari wa kikao kilichopita umeandikwa vizuri. Nimemwambia nitampelekea ausome mwenyewe.

Peoples!

— Power!

 Sasa naomba maswali, na tuanze na wale waliokuwa na Mbowe.